Mwenye Msitu Aitwapo Mtalii

Mwananchi wa Tukuyu apandaye Mlima Rungwe siku ya Jumamosi ana jina alilopewa na ofisi: huitwa mtalii wa ndani. Jirani yake aingiaye msitu ule ule kutafuta kuni huitwa mvamizi. Mtu wa tatu, aliyefika kwa ndege kutoka Ujerumani au Marekani, huitwa mtalii basi, bila ya nyongeza yoyote. Msomaji mwenye sikio la lugha hatakosa kuuona ubaya wa mpango huu. Nomino tupu ni ya mgeni. Mwenyeji hupewa nomino ile ile pamoja na kiraka, kana kwamba yeye ndiye asiyetazamiwa kuonekana pale. Lugha imekwisha kuikata kesi kabla ya wenye haki kuitwa barazani.

Insha hii yalipinga jina hilo, na zaidi ya jina yayapinga mawazo yaliyolizaa, yaani kwamba misitu ya umma ya Nyanda za Juu Kusini, tangu Poroto na Rungwe upande wa Mbeya hata Mufindi na Udzungwa upande wa Iringa, ni bidhaa iliyopangwa kwa ajili ya mnunuzi wa mbali, na kwamba mwenyeji akitaka kuitembea hana budi kuvaa kwanza sura ya mnunuzi.

Tuanze na neno lenyewe. Kutalii si neno jipya, wala halikuzaliwa na mahoteli. Katika Kiswahili cha zamani mtu alitalii kitabu, maana yake alikisoma kwa makini na kukichungua. Mzizi wake ni wa Kiarabu, na maana ya asili ya mzizi huo ni kuchomoza na kupanda juu, kama jua lichomozavyo na kama mtu apandavyo mlima. Mzizi huo ndio uliokipa Kiswahili matlai, upepo utokao mawioni, na mutalaa, usomaji wa vitabu, na mtaala, ambao kila mwalimu anaujua na wengine wanauogopa. Kupanda na kusoma vilikuwa ndugu, na mtalii wa asili alikuwa msomaji. Jinsi msomaji huyo alivyogeuka kuwa mtu wa kofia pana, kamera na fedha za kigeni ni habari ya biashara, na biashara haina kosa kwa kuwa biashara. Kosa ni la wenye lugha, walioiacha maana ya pili iifukuze ya kwanza, hata leo mwanafunzi akitaka kusema kwamba amekwenda Ngozi kulisoma ziwa lililokaa ndani ya kinywa cha volkano, hana neno ila lile la dirisha la tikiti.

Watetezi wa hali iliyopo wana hoja yao kubwa, nayo husemwa hata na wasomi, tena kwa kicheko: Mwafrika hana desturi ya kutembea msituni bure. Huenda huko kwa kuni, kwa dawa, kwa asali au kwa nyama. Kupanda mlima ili kushuka tena ni wazimu wa Mzungu. Hoja hii yataka kujibiwa polepole, kwa kuwa imesimama juu ya kutojua historia, na si historia ya Afrika peke yake.

Wazungu wenyewe hawakuzaliwa na desturi hiyo mikononi. Mwezi wa Aprili 1932, mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa Manchester na miji ya jirani, waliingia kwa makusudi katika nyanda za Kinder Scout, zilizokuwa zimefungwa na mabwana wenye ardhi kwa ajili ya uwindaji wao wa ndege. Walipambana na walinzi, na watano kati yao wakatiwa gerezani. Sheria ya Uingereza iliyoanzisha hifadhi za taifa na kushughulikia njia za watembeaji ilikuja mwaka 1949, miaka 17 baadaye. Hicho kiitwacho desturi ya Mzungu kilikuwa dai la Mzungu maskini juu ya Mzungu tajiri. Mwenye kucheka leo anacheka upande wa mabwana wa ardhi, ingawa hajui.

Na Mwafrika je? Njia ya kutoka Bagamoyo hata Ujiji ilitembewa katika karne ya 19 na maelfu ya wapagazi, waliolala kambini usiku baada ya usiku kwa miezi. Walikuwa kazini, hilo halina ubishi, na kazi yao ilikuwa ya mateso. Lakini asidhani mtu kwamba walitembea wamefumba macho. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alisafiri Udoe na Uzigua akaandika aliyoyaona na kuyasikia, na maandishi yake yamo katika mkusanyo wa Carl Velten, *Safari za Wasuaheli*, uliochapwa mwaka 1901. Huyo alitalii kwa maana kamili ya neno. Tena usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipokuwa inazaliwa, moja ya matendo yake ya kwanza lilikuwa kumpandisha Luteni Alexander Nyirenda juu ya Kilimanjaro na mwenge na bendera. Taifa lililoyaanza maisha yake kwa kupanda mlima halina ruhusa ya kusema kwamba kupanda mlima si desturi yake.

Wala si lazima kwenda mbali hivyo. Jioni ya kiangazi, juu ya mwamba wa Gangilonga uutazamao mji wa Iringa, ambao jina lake kwa Kihehe maana yake ni jiwe lisemalo, hukaa vijana wawili wawili na wanafunzi kwa makundi, wakilitazama jua likizama. Hawakati kuni. Hawachimbi mizizi. Hakuna mfadhili aliyekuja kuwafundisha burudani hiyo kwa semina.

Lakini ushahidi mkubwa kuliko wote ni wa mnyama. Mapema mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakikusanya habari katika vijiji vya kandokando ya Rungwe waliambiwa na wawindaji juu ya kima mwenye kujificha aitwaye kipunji. Watafiti walisita, kwa maana masimulizi ya huko huchanganya wanyama wa kweli na wanyama wa visa. Mwaka ule ule kima akaonekana, huko Rungwe na katika msitu wa Livingstone upande wa Kitulo. Na mwaka 2004 watafiti wengine, pasipo kujua habari za wenzao, wakamwona katika msitu wa Ndundulu huko Udzungwa, upande wa Iringa. Ulimwengu ulitangaziwa mwaka 2005. Mwaka 2006 ikasemwa kwamba si spishi mpya tu, bali ni jenasi mpya, jambo ambalo kwa nyani na kima wa Afrika lilikuwa halijatokea tangu mwaka 1923. Jenasi ikapewa jina la mlima, *Rungwecebus*. Spishi ikabaki na jina lake la kijijini. Magazeti yakaandika kwamba kima amegunduliwa.

Si haki kuwabeza watafiti wale, maana kazi yao ndiyo iliyomtia kipunji katika vitabu vya elimu na kuongeza nguvu za kuulinda msitu wake. Wala si haki kuficha kwamba wawindaji waliomjua ndio pia waliomla. Hata hivyo jambo moja hubaki lisilojibika. Kima mkubwa, apigaye kelele asizoweza kuzichanganya mtu na za mwingine, alikaa mpaka karne ya 21 kwenye mlima unaoonekana kutoka barabara kuu iendayo Malawi, akajulikana na wanakijiji kwa jina, na hapana shule, chuo wala ofisi iliyomsikia. Aliyejua alikuwa ndiye aliyetembea. Aliyesoma hakutembea, na aliyetembea hakuulizwa. Hasara ya mtengano huo haikuwa ya fedha za utalii. Ilikuwa ya elimu, nayo ndiyo hasara ambayo vyuo vingepaswa kuionea haya kwanza.

Msomaji mwenye insafu ataweza kuuliza: je, zamani mtu aliingia msituni kama apendavyo? La, hasha. Katika Unyakyusa kulikuwa na vichaka vitakatifu, mashuhuri kati yake kile cha Lubaga, kichaka cha Lwembe, ambacho mtu wa kawaida hakukikanyaga. Ngozi nako hadi leo husimuliwa habari za joka kubwa la ziwani, na za hazina ambayo Wajerumani waliitosa majini walipokuwa wanakimbia. Na penye joka pana miiko. Basi kibali ni cha kale kuliko idara ya misitu, na mwenye kutetea uhuru wa mwenyeji asijidanganye kwamba mababu waliishi pasipo lango. Tofauti iko katika namna lango lilivyomwita mtu. Kuhani alipomkataza mtu kuingia, alimkataza kama mtoto wa nyumba akatazwavyo chumba cha wakubwa: msitu ulikuwa wake, na kwa kuwa ulikuwa wake, ulikuwa na adabu yake juu yake. Lango la leo halimtambui kuwa ni mtoto wa nyumba. Humwuliza alipe kiasi gani, na kwa safu ipi ya bei.

Lango hilo la pili lina tarehe. Wajerumani walitoa amri ya misitu mwaka 1904, na Waingereza waliowafuata wakaiendeleza kazi; mstari ukachorwa katika ramani, na aliyekutwa ng'ambo ya mstari akawa mkosaji kwa kuwapo tu. Hii ndiyo nchi ambayo miaka michache kabla ya hapo, baada ya ngome ya Kalenga kutekwa mwaka 1894, Mkwawa alizunguka katika mapori yake akihifadhiwa na watu na vilima hadi kifo chake mwaka 1898. Mtawala aliyesumbuliwa miaka minne na adui asiyeonekana ana sababu zake za kutokuupenda msitu wenye watu ndani. Majina nayo yakafuata mstari. Nyanda za Kitulo ziliandikwa kwa jina la Elton, balozi wa Kiingereza aliyepita huko mwaka 1877, na milima ya jirani hata leo ramani huiita ya Livingstone. Mpita njia wa siku chache akawa mwenye jina. Waliokaa karne na karne wakawa wapita njia.

Udzungwa yafaa kutazamwa kwa karibu, maana ni hifadhi ya miguu. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na milima yake haitembelewi kwa gari. Mwenye kutaka kuyaona maporomoko ya Sanje, yaangukayo mita 170 na zaidi, sharti atumie nyayo zake. Kama pana mahali pangemfaa mwenyeji asiye na gari, ni hapo. Na kwa miaka mingi mwenyeji aliingia, lakini kwa mlango wa uani: wanawake wa vijiji vya upande wa Kilombero waliruhusiwa kuokota kuni kavu kwa siku maalumu, hata ruhusa hiyo ilipokomeshwa mwaka 2011. Wahifadhi walikuwa na hoja zenye uzito, kwa kuwa kuni za maelfu ya meko si jambo dogo kwa msitu. Lakini hakuna aliyefikiri kwamba pamoja na kuni kuna kitu kingine kilichokuwa kikitoka msituni kila juma kichwani mwa wanawake wale, yaani habari zake: mti gani umeanguka, chemchemi ipi imekauka, nani amepita na panga. Ruhusa ilipofutwa, njia moja tu ya halali ilibaki kwa mwanamke wa Mang'ula kurudi katika njia aliyoijua tangu usichana wake, nayo ni kulipa kiingilio na kuwa mtalii wa ndani. Binti yake, asiyepata kuokota kuni, hana hata kumbukumbu ya kumrudisha.

Baadaye ukaja mradi wa REGROW wa kukuza utalii wa kusini, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150 ulioidhinishwa mwaka 2017, ukiihusu Udzungwa pamoja na Ruaha, Mikumi na ile sehemu ya Selous iliyo sasa Hifadhi ya Nyerere. Fedha zake zilisimamishwa Aprili 2024 na mradi ukafutwa Novemba mwaka huo, baada ya malalamiko ya watu wa kandokando ya Ruaha juu ya kuhamishwa na kuteswa. Kila shtaka lina wenye kulithibitisha na wenye kulikana. Lililo wazi ni kwamba mradi wa kuwaleta wageni ulivunjikia juu ya wenyeji.

Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 27, yamtaka kila mtu azilinde maliasili za Jamhuri. Haikuwagawa walinzi kuwa wa ndani na wa nje. Mwananchi amepewa wajibu wa kukilinda kitu ambacho hajapata kukiona, na ambacho akitaka kukiona huambiwa kwamba ni mteja. Ni nani awezaye kuutimiza wajibu wa namna hiyo kwa moyo? Kitulo, panapoitwa Bustani ya Mungu, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na sababu moja kubwa ilikuwa biashara ya chikanda, yaani viazi vya maua ya okidi vilivyochimbwa kwa wingi mno na kuuzwa Zambia. Mashimo ya viazi hayaonekani kutoka barabarani. Moto wa mwezi wa Septemba pia, unapoanza, hauonekani kutoka ofisini. Huonekana na mtu aliye juu kilimani, naye akiwa ni mtu auonaye mlima kuwa wake hushuka mbio kutoa habari, na akiwa ni mteja hupiga picha.

Majirani wa Kenya wametoa mfano wa karibu. Msitu wa Karura, ulio ndani ya Nairobi na wenye hekta kama 1,000, ulikuwa ukigawiwa kwa wajenzi katika miaka ya 1990, na mwaka 1999 Wangari Maathai na wenziwe walipigwa walipokwenda kupanda miti. Msitu ulinusurika. Leo watu wa mji huutembea, huukimbia na kuuendesha baiskeli kwa kiingilio kidogo, na yeyote ataketaka kuukata tena atakutana na umma unaozijua njia zake kwa majina. Ngao ya namna hiyo Rungwe haina. Rungwe ina kipunji, ina tangazo la mwaka 2009 la kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, ina Wakala wa Huduma za Misitu, haina umma.

Hapana budi kukiri kwamba wenyeji wakija kwa wingi watachafua. Watatupa chupa, watakata matawi ya kuotea moto, watapiga muziki mahali ambapo ndege wanalea makinda. Ni kweli, hata wageni wa nje walifanya hivyo mpaka walipofundishwa. Adabu ya msitu hujifunzwa msituni. Wala ugomvi wa insha hii si na kiingilio, kwa kuwa walinzi wana mishahara na njia zataka kufyekwa, na raia kwa kawaida hulipa chini ya mgeni. Ugomvi ni kwamba kiingilio kimekuwa uhusiano wote. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatambua misitu ya vijiji pamoja na ya taifa, na Iringa ni mmoja wa mikoa iliyotangulia kuwapa wanakijiji misitu waisimamie. Wazo la kwamba mwenyeji ni msimamizi limo tayari katika sheria. Limekosa kuvuka kutoka kwenye mbao na asali hata kufika kwenye miguu na macho.

Lawama ya mwisho ni ya wasomi. Mkwawa, chuo cha elimu, kiko Iringa. Mbeya ina vyuo vyake chini ya Loleza, na kilele cha Mbeya kipitacho mita 2,800 kiko nyuma yake. Mwanafunzi aweza kumaliza miaka mitatu hapo, akaandika tasnifu juu ya taswira ya msitu katika riwaya, na asijue jina la Kisafwa la mti hata mmoja wa Poroto. Walimu wake hawamwulizi. Lugha nayo imedumaa kwa sababu hiyo. Neno kambi, ambalo kwa mpagazi lilikuwa moto, chakula na hadithi, sasa ni la jeshi, la wakimbizi na la wagonjwa wa kipindupindu: mahali mtu apelekwapo, si mahali aendapo. Wavuvi wa pwani wangali wanalo dago lao, kambi ya ufukweni wakati wa msimu wa samaki, na hakuna kijana wa bara aliyeazima neno hilo. Husema kwamba anakwenda kufanya haiking. Kamusi haiwezi kumwokoa. Ujia, genge, kilele, kituo, kukwea na kuparamia yamo yote katika kamusi, yamelala. Yataamshwa na watu watakaoyahitaji saa kumi na mbili jioni, ukungu ukiwa umeshuka na njia imepotea.

Na wale wanaosimamia malango, kama wanataka jambo dogo la kuanzia lisilogharimu mkopo wowote, walitazame daftari lililo mezani. Jalada lake limeandikwa Kitabu cha Wageni, na safu zake zauliza jina, atokako, tarehe na saini. Kando yake liwekwe daftari la pili, la wenyeji, lisilouliza atokako mtu bali alikopita: mto aliouvuka, mti aliouona umelala njiani, sauti aliyoisikia asiyoijua, moshi na upande ulikokuwa. Wanafunzi wa Mbeya na Iringa wapewe kazi ya kulijaza mwaka mmoja, kwa Kiswahili na kwa majina ya Kinyakyusa, Kisafwa na Kihehe pale Kiswahili kinapokosa neno, na mwisho wa mwaka daftari hilo lipelekwe chuoni likasomwe.